Karatasi iliyokuwa mfukoni mwangu

Tulikuwa wanane katika nyumba ya kale Mkomani, Lamu, Idi pili, na kila mmoja wetu alijiona ndiye mwerevu. Mwenzetu aliyewahi kuucheza mchezo wa chumba cha mafumbo kule Nairobi ndiye aliyetuandalia. Mnaingizwa chumbani, mnahesabiwa dakika 60, na kila fumbo mnalofumbua linawapa ufunguo au tarakimu za kufuli linalofuata, mpaka mtoke. Wajapani waliuanzisha Kyoto mwaka 2007, lakini sisi tuliolelewa kwa vitendawili, nani wa kutufundisha kufumbua? Tukaingia na kiburi hicho.

Chumba kilikuwa kile cha ndani kabisa, chenye zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vitu, ukuta mzima. Katikati palikuwa na sanduku lenye kufuli la tarakimu tatu. Ndani ya kidaka kimoja tukapata barua ya nahodha kwa mkewe: "Tuling'oa nanga saa tatu na robo usiku." Mwalimu wa hesabu tuliyekuwa naye hakungoja. Akazungusha 315. Kimya. Akarudia, akarudia tena, kisha akatangaza kwamba kufuli ni bovu.

Juu ya mlango kulikuwa na saa ya ukutani iliyosimama. Dada mmoja, fundi wa hina, aliiona tangu tulipoingia, ila hakusema kitu kwa kudhani imeisha betri tu. Nami nilikuwa nimeokota karatasi chini ya mkeka: "Wanitazama huku, wanisoma kule." Nikaitia mfukoni mwa kanzu. Sitawaficha: nilitaka niifumbue peke yangu, nipigiwe makofi.

Dakika 20 zikateketea hivyo. Nilipoona aibu nikaitoa na kuisoma kwa sauti. Hata sijamaliza, yule dada akainua macho mlangoni. Akrabu fupi imeipita tisa kidogo, ndefu imelala kwenye tatu. "Ndooni muone! Twasema tatu, lakini twatazama tisa!" 915. Kufuli likafyatuka, na mwalimu akaanza kutafuta kitu cha kukitazama dirishani.

Basi ukienda kucheza na wenzako, wekeni sharti hili kabla hamjavuka kizingiti: ukiokota kitu, kitaje kwa sauti, hata kama unaona ni upuuzi. "Nina karatasi yenye maneno manne." "Hapa kuna saa imekufa." Kisha kiwekwe mahali pamoja, wote wakione. Kilichokwisha kazi kitengwe, maana tulipoteza muda mwingine kwa ufunguo ambao tayari ulikuwa umefungua kufuli lake.

Wanane ni wengi mno. Chumba kimoja wanatosha wanne au watano. Kwetu watatu waliishia uani wakipiga soga na kula mahamri. Na usichague wasomi watupu. Mtu aliyezoea kutazama vitu vidogo, kama huyo fundi wa hina, ana faida kuliko mwenye digrii mbili. (Mwalimu, ukisoma hapa, tusameheane.)

Nguvu hazina kazi humo. Kuna mwenzetu alitumbukiza mkono kidaka cha juu kwa pupa, sahani ya bibi wa nyumba ikayumba, sote tukaacha kupumua. Haikuanguka. Ulizeni mapema ni vitu gani havimo mchezoni. Na msione haya kuomba dokezo. Ikipita dakika tano bila jambo jipya, ombeni. Sisi tulikataa kwa kiburi kilekile.

Jambo ambalo sina mzaha nalo ni mlango. Mama wa mwenyeji wetu alisimama kizingitini kabla hatujaanza, akasema: "Chezeni mtakavyo, wanangu, lakini komeo halitiwi." Kuna aliyenung'unika kwamba utamu wa mchezo umeondoka. Haukuondoka, saa ikihesabiwa unasahau kabisa kwamba mlango u wazi. Januari 2019, mjini Koszalin nchini Poland, wasichana watano wa miaka 15 walikufa moto ulipozuka mahali pa mchezo kama huu, nao wamo chumbani hawana pa kutokea. Kwa hiyo popote mtakapokwenda, kabla ya kulipa, uliza: nikitaka kutoka sasa hivi, natokea wapi, na nani wa kunifungulia? Akijibu kwa kucheka, ondokeni. Na mwenye hofu ya pahali pafinyu aambiwe mapema kwamba anaweza kutoka wakati wowote bila kutaniwa.

Sanduku la mwisho tulilifungua dakika ya 67. Ndani mlikuwa na ufunguo wa kabati ambamo yule mwenzetu aliyetuandalia alificha jagi la juisi ya ukwaju. Barafu ilikuwa imeshayeyuka.