Rangi imegoma kutoka majini

SWALI: Nilitia gramu 1 ya unga wa nano wa titani dioksidi kwenye lita 1 ya maji yenye miligramu 10 za methilini bluu (rangi ya buluu ya maabara), ili unga uivunje kwa nguvu ya mwanga, nikakoroga kwa muda wa saa mbili chini ya taa nyeupe ya LED. Rangi ilipungua kidogo, kisha ikagoma. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi wa kemia, Morogoro)

JIBU: Vipimo ni sawa, kosa ni taa. Titani dioksidi ya anatasi (umbo mojawapo la fuwele zake) huamshwa na mwanga wa urujuanimno, wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 387 hivi, na LED nyeupe hiyo karibu haina. Ule upungufu wa mwanzo ni rangi kunata tu kwenye unga. Acha unga utuame usiku kucha: utaukuta chini ya bika umegeuka samawati.

Rudia hivi. Koroga gizani dakika 30, uchukue sampuli. Hiyo ndiyo sifuri yako. Kisha weka bika juani, jua la mchana, au chini ya taa ya nanomita 365 ukiwa na miwani ya kinga. Usiongeze unga: maji yakiwa kama maziwa, mwanga unaishia juu. Koroga bila kuacha, maana bila oksijeni methilini bluu inaweza kupoteza rangi pasipo kuvunjika. Ukitikisa chupa, bluu inarudi. Kila dakika 15 chota mililita 5, zungusha kwenye sentrifyuji (mashine ya kutenga unga kwa mzunguko wa kasi) hadi maji yawe maangavu, ndipo upime mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 664. Unga ukibaki, ukungu wake utasomeka kama rangi. Weka pia bika lisilo na unga, kwa kuwa rangi hii hufifia juani yenyewe.

SWALI: Naweza kuutumia unga huu kusafisha maji machafu ya batiki? (Fundi, Bagamoyo)

JIBU: Si yakitoka tu kwenye beseni. Rangi ni nzito mno, mwanga haupenyi, na haidrosi (dawa ya kuyeyushia rangi) iliyobaki hula oksijeni yote. Yakoroge kwanza yapigwe na hewa hadi rangi ijitenge kama tope, punguza ukali wa kostiki soda hadi pH 7 hivi, tia shabu, yatuame, kisha chuja. Hayo maji ya juu yaliyobaki na rangi hafifu ndiyo ya kutilia unga. Baadaye unga wote uutoe kabla ya kumwaga, usiende mtaroni. Na maji kuwa maangavu hakutoshi: pima COD (kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuunguza uchafu uliomo kwa kemikali), kwani vipande vya rangi iliyovunjika havionekani kwa macho.