Presha, mimba na daftari langu

Nilikutwa na presha ya kupanda nikiwa na miaka 29, miaka mitatu kabla ya kushika mimba. Kwa hiyo asubuhi nilipoona mistari miwili kwenye kipimo, tayari nilikuwa nimemeza kidonge changu cha enalapril kama kawaida. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapokosea.

Shoga yangu alinisihi niache dawa zote nisimdhuru mtoto. Jirani akaniletea rozela na kitunguu saumu. Walinitakia mema wote, lakini kuacha ghafla ni hatari, na kuendelea na vidonge vilevile pia ni hatari: enalapril, lisinopril, captopril na losartan zinaweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni. Nenda kwa daktari mara moja akubadilishie. Kama bado unapanga kubeba mimba, nenda kabla. Mimi nilipewa methyldopa mara tatu kwa siku, na baadaye ikaongezwa nifedipine, ile inayofanya kazi polepole. Wiki za mwanzo methyldopa ilinipa usingizi mzito, saa nne asubuhi nasinzia kazini, kisha mwili ukazoea. Wiki ya 12 daktari akaongeza aspirini ya dozi ndogo, maana sisi wenye presha ya zamani tuko karibu zaidi na kifafa cha mimba. Hiyo usijianzishie mwenyewe.

Sasa daftari, lile nililoandikia vipimo vya presha. Kliniki nilikuwa naenda kwa mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama njia nzima, jua kali, halafu foleni. Nesi ananifunga mkanda hata pumzi haijatulia: 158/98. Jioni nyumbani, 134/84. Ipi ni presha yangu? Daktari akanishauri ninunue mashine ya kufunga juu ya kiwiko, siyo ile ya kifundo cha mkono. Nikaipeleka kliniki tukailinganisha na yao.

Kupima kuna adabu yake. Kojoa kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo, na usiongee, hata wifi akikuita. Pima mara mbili, andika zote mbili, hasa ile inayokutisha. Lengo langu lilikuwa kubaki chini ya 140/90. Ikifika 160 ya juu au 110 ya chini, usingoje tarehe ya kliniki, ondoka.

Chumvi nilipunguza: ng'onda nikaaga, mihogo ya chachandu nikaaga kwa uchungu. Ila chakula peke yake hakikutosha kuishusha, na sipendi mama mjamzito aambiwe kwamba presha yake ni kosa la mdomo wake.

Wiki ya 36 usiku nikaanza kuona vimulimuli, kichwa kinauma, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia. Mashine ikasoma 164/108, na hospitali wakakuta protini kwenye mkojo. Nililazwa, nikajifungua kwa upasuaji mtoto wa kilo 2.3, mzima.

Nilidhani yameisha. Siku ya tano nyumba imejaa wageni, mama mkwe yuko jikoni na mtori, kila anayeingia anauliza mtoto analala vipi, ananyonya vipi. Kichwa kilikuwa kinanigonga tangu alfajiri nikasema ni uchovu. Mama yangu mzazi akalichukua daftari, akaona ukurasa wa mwisho ni wa siku niliyokwenda kujifungua. Hakusema neno, akanifunga mkanda: 168/106. Tukaita bajaji tukarudi hospitali.

Huko nilielezwa kwamba kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kujifungua presha mara nyingi hupanda zaidi, na kifafa cha mimba kinaweza kumpata mama hata mtoto akiwa tayari mikononi. Methyldopa wakaiondoa, kwa kuwa baada ya uzazi inaweza kuongeza huzuni. Nikarudishiwa enalapril yangu ileile, ambayo mama anayenyonyesha anaruhusiwa kuitumia.

Kuanzia jioni ile hadi arobaini, mwandiko daftarini ni wa mama. Asubuhi na jioni, kabla hajamshika mjukuu.