Iache orodha ya amri, chora chumba kimoja mpaka kiishe

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Umepewa orodha ndefu ya amri za AutoCAD, programu ya kuchora ramani kwa kompyuta, na kuambiwa uikariri kabla hujagusa mchoro. Na mistari unayochora haikutani kwenye kona, ukisogeza karibu unaona mwanya. Nimechora kwa programu hii miaka mingi, na vijana wengi wanaoingia kazini wamepitia mikononi mwangu, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa urefu.

Hiyo orodha iweke pembeni kwanza. Sijaona mchoraji aliyeiva kwa kukariri. Kinachomfanya mtu aive ni kuusoma ule mstari wa amri ulioko chini ya skrini. AutoCAD ilitoka mwaka 1982, na mazungumzo ya maandishi kati ya mchoraji na programu yamekuwepo tangu enzi hizo. Karibu kila amri unayoianza inakuuliza kitu pale chini: nipe nukta ya kwanza, nipe umbali, chagua unachotaka kukata. Anayeanza hutazama katikati ya skrini tu. Anabofya, hakitokei kitu, anabofya tena kwa hasira, na muda wote huo swali lilikuwa chini likimsubiri.

Chukua OFFSET, amri ya kutengeneza nakala ya mstari kwa umbali fulani. Andika O, bonyeza Space. Inakuuliza umbali. Kando ya swali, ndani ya mabano ya mraba, kuna maneno Through, Erase na Layer. Hizo ni njia nyingine za kufanya kazi hiyohiyo, na unachagua mojawapo kwa kuandika herufi yake kubwa. Halafu kati ya alama < na > kuna jibu ambalo programu italichukua ukibonyeza Enter bila kuandika chochote. Mpangilio ni huohuo kwa amri karibu zote. Ukiuelewa kwenye OFFSET, utaingia kwenye amri ambayo hujawahi kuisikia na bado utajua inataka nini. Esc inakutoa popote ulipokwama, U inafuta hatua iliyopita, na Space ukiwa huna amri yoyote inarudia ile uliyomaliza sasa hivi. Zoea mapema: mkono mmoja kwenye kibodi, mwingine kwenye mausi.

Sasa tuchore. Chumba cha ndani milimita 4000 kwa 3000, ukuta wa milimita 150, mlango wa 900. Ukikimaliza hiki chote, amri muhimu utakuwa umezitumia bila kuzikariri.

Faili jipya lifungue kwa kiolezo cha acadiso.dwt, siyo acad.dwt. Cha kwanza ni cha mfumo wa metriki, cha pili ni cha inchi, na tofauti hiyo huja kukusumbua baadaye kwenye vipimo na mistari ya vipandevipande. Andika UN uhakikishe kipimo ni milimita. Halafu ushike jambo hili kabla ya mengine yote: unachora kwa ukubwa halisi. Ukuta wa mita nne unaandikwa 4000, basi. Skeli inakuja wakati wa kuchapa. Mtu anayegawanya vipimo kwa 100 kichwani huku anachora anajitafutia kazi mara mbili.

Andika REC, amri ya mstatili, kisha Space. Bofya popote kupata kona ya kwanza. Kwa kona ya pili andika @4000,3000 na Enter. Hiyo alama ya @ inamaanisha "kuanzia nukta niliyoishia": nenda 4000 kulia, 3000 juu. Kwenye matoleo mapya, kama F12 (kisanduku cha kuandikia kando ya kishale) imewashwa, programu huchukulia hivyo hata bila @, lakini mimi huwaambia wanafunzi waiandike kila mara, kwa sababu inafanya kazi F12 ikiwa imewashwa au imezimwa. Ukitaka mstari ulioinama unaandika urefu na pembe, kwa mfano @3000<45. Pembe sifuri iko upande wa kulia, na zinahesabiwa kinyume cha mwendo wa saa. Mstatili usipouona kwenye skrini, andika Z, Enter, kisha E, Enter.

Sasa O, Space, 150, Enter. Bofya mstatili, kisha bofya nje yake. Umepata ukuta mzima kwa mara moja, na kona zote nne zimekutana. Hapa naomba utulie kidogo, kwa sababu ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Kiache chumba hicho, na pembeni yake uchore kingine kama hicho kwa LINE: L, Space, bofya, washa F8 ili mstari ukae wima au mlalo tu, elekeza kulia uandike 4000, elekeza juu 3000, elekeza kushoto 4000, kisha C kufunga. Kwa macho ni chumba kilekile. Jaribu OFFSET tena. Utalazimika kuifanya mara nne, na kona za nje hazitagusana, kila moja itabaki na pengo. Sababu ni kwamba REC hutengeneza polilaini moja, kitu kimoja chenye pande nne, wakati LINE imekupa vitu vinne visivyojuana. Bofya mstari mmoja katika kila mchoro uone kipi kinashikwa chote na kipi kinashikwa upande mmoja tu.

Wala usiseme LINE ni mbaya. Kona zilizoachana zina dawa yake, FILLET. Andika F, Space, hakikisha nusukipenyo ni 0, bofya mstari wa kwanza, bofya wa pili, na kona inafunga kali kabisa. Ukishikilia Shift unapobofya mstari wa pili, inachukua sifuri hata kama nusukipenyo kilichowekwa ni kingine. Watu wengi wanaijua FILLET kama amri ya kuviringisha kona tu. Katika kazi ya ramani mimi naitumia kufunga kona mara nyingi kuliko kuviringisha. Na ukitaka vile vipande vinne viwe kitu kimoja, ipo JOIN, kwa herufi J. Kinyume chake ni EXPLODE, herufi X.

Chanzo cha pili cha mianya ni kubofya kwa makadirio ya macho. Kishale kikikaa karibu na ncha ya mstari hakijafika kwenye ncha. Washa F3, yaani OSNAP, inayokivuta kishale hadi kwenye nukta kamili, na katika mipangilio yake weka alama kwenye Endpoint, Midpoint, Center, Intersection na Perpendicular. Nearest iache imezimwa. Inadaka nukta yoyote iliyo juu ya mstari, kwa hiyo unaona alama imetokea, unaamini umeshika ncha, kumbe uko milimita tatu pembeni. Siku ukiihitaji, shikilia Shift ubofye kitufe cha kulia cha mausi, uichague kwa mara hiyo moja tu. Ukitaka kuhakiki kama umbo limefunga kweli, jaribu kulijaza kwa HATCH. Kama kuna mwanya itakataa, na mara nyingi itakuonyesha viduara vyekundu pale ncha zilipoachana.

Turudi kwenye chumba chako cha polilaini, tuweke mlango kwenye ukuta wa chini. L, Space, shika kona ya ndani ya chini kushoto, elekeza chini ukiwa na F8, andika 150, Enter, Enter tena kumaliza. Kimstari hicho kinakata ukuta kwa upana wake. OFFSET kwa 200 kwenda kulia, kisha kile kipya OFFSET kwa 900 kwenda kulia tena. Futa kile cha kwanza kwa E. Umebaki na kingo mbili za mlango. Sasa TR, yaani TRIM, ubofye kipande cha ukuta kilicho katikati ya kingo hizo, ndani na nje. Kama toleo lako ni la kabla ya 2021, baada ya TR bonyeza Enter kwanza ndipo ubofye, kwa sababu matoleo hayo yanauliza mistari ya kukatia. Enter tupu inasema "yote iliyopo." Kijana anayejifunza kwa video ya toleo moja huku akitumia jingine hukwama hapa, na jibu limeandikwa kwenye mstari wa amri.

Ubao wa mlango: L kutoka ncha ya ndani ya ukingo wa kushoto, juu 900. Tao la mlango: A, Space, kisha C kwa sababu unataka kuanza na kitovu. Bofya bawaba, yaani pale ubao ulipoanzia, kisha ncha ya ndani ya ukingo wa kulia, kisha ncha ya juu ya ubao. Fuata mpangilio huo. Tao huchorwa kinyume cha mwendo wa saa, ukianza na ncha ya juu litazunguka upande usioutaka.

Namna ya kuchagua vitu nayo ina siri yake, na ni nadra kuiona kwenye orodha za amri. Ukivuta kisanduku kutoka kushoto kwenda kulia kinakuwa cha bluu na kinachukua vile tu vilivyo ndani yake kikamilifu. Ukivuta kutoka kulia kwenda kushoto kinakuwa cha kijani na kinachukua kila kinachoguswa. Ijaribu na STRETCH, amri ya kuvuta sehemu ya mchoro, uone uzuri wake. Mwenye kazi amebadili mawazo, chumba kiwe 4500. Andika S, Space, vuta kisanduku cha kijani kutoka kulia kwenda kushoto kikizunguka ukuta wa kulia tu, Enter, bofya popote, elekeza kulia, andika 500, Enter. Ukuta wa kulia umehama, kuta za juu na chini zimerefuka, mlango haujaguswa. Ninapomwonyesha mtu hili kwa mara ya kwanza ndipo huwa anaelewa kwa nini tuliacha kuchora kwa mkono.

MOVE, COPY na ROTATE zote zinakuuliza nukta ya msingi, na watu hubofya popote tu. Nukta hiyo ndiyo mahali unapokishika kitu. Ukihamisha mlango, ushike kwenye ncha ya bawaba, uiachie kwenye kona unayotaka OSNAP ikiwa imewashwa, utakaa pale pale. MIRROR, herufi MI, inakupa mlango wa upande wa pili bila kuuchora upya. Mwishoni inauliza kama ufute wa kwanza; soma swali kabla ya kujibu.

Leya, yaani tabaka za mchoro, zianze siku ya kwanza. LA, tengeneza ya kuta, ya milango, ya vipimo, kila moja na rangi yake, na kitu chochote kiache kichukue rangi ya leya yake, yaani ByLayer. Usiipake rangi kwa mkono mistari mmojammoja. Leya inayoitwa Defpoints hujitokeza yenyewe ukiweka vipimo; usichore humo, maana haichapi.

Vipimo ni DLI: shika ncha mbili, vuta pembeni. Utadhani haijafanya kazi, kwa sababu maandishi yanakuwa madogo kama vumbi. Katika kiolezo cha acadiso yana urefu wa milimita 2.5, na chumba chako sasa kina 4500. Andika DIMSCALE, uweke 50 kama utachapa kwa 1:50, kisha uweke vipimo upya. Maandishi yatakuwa 125 kwenye mchoro, na yakichapwa kwa 1:50 yanarudi 2.5 kwenye karatasi, saizi inayosomeka vizuri.

Kuchapa, bofya Layout chini kushoto. Hapo unaona karatasi, na ndani yake dirisha linaloangalia mchoro wako; kama halipo, MV inalitengeneza. Bofya mara mbili ndani ya dirisha, chagua 1:50 kwenye orodha ya skeli, kisha ulifunge kwa kile kikufuli ili gurudumu la mausi lisiibadilishe. Chumba chako sasa kina milimita 4800 nje kwa nje, kwenye karatasi ni milimita 96, A4 inakitosha na nafasi inabaki.

Kama huna AutoCAD na unatumia BricsCAD, karibu yote niliyoandika hapa yanakwenda vilevile. LibreCAD ni ya bure, ina vifupisho vyake na inahifadhi kwa DXF, aina nyingine ya faili la michoro, lakini nayo inauliza maswali kwenye mstari wa amri. Na ukiona kando ya faili lako kuna jingine lenye .bak, usilifute haraka. Hilo ni hali ya mchoro kabla ya mara ya mwisho ulipohifadhi. Faili kuu likiharibika, tengeneza nakala ya hilo, badili mwisho wa jina uwe .dwg, na litafunguka.

Chora chumba hiki leo. Kesho kichore tena bila kutazama maelezo yangu, ukiongeza dirisha la 1200 kwenye ukuta wa juu. Ukikwama, bonyeza F2, nakili maneno yote yaliyo kwenye dirisha litakalofunguka, uyabandike hapa. Nikiyaona hayo nitajua ni swali gani ulilijibu vibaya, kuliko ukiniambia tu kwamba imegoma.