Kwa mnaoanza kazi bandarini Tanga: kumwambia mkubwa jambo gumu

Wewe uliyeanza juzi kwenye upakuaji wa mizigo hapa Tanga, utasomeshwa sana kuhusu kofia ngumu na viatu vya usalama. Ambalo hakuna atakayekusomesha ni namna ya kumwambia mtu wa rika la baba yako kwamba mkanda wa kunyanyulia mzigo aliouchagua umeanza kukatika. Asubuhi umempa shikamoo, na nyumbani umefundwa kuwa mkubwa hakosolewi mbele za watu.

Adabu hiyo usiitupe. Msogelee, mwite "mzee" kama siku zote, kisha taja ulichokiona kwa macho: "Mzee, samahani, huu mkanda upande wa baharini nyuzi zimeachia. Hebu tuutazame kabla ya kunyanyua." Hujamwita mzembe, wala hujagusa umri wake. Mafumbo nayo yaache kwenye taarabu; tunayapenda sana huku kwetu, lakini chini ya kreni mlengwa asipoelewa mtu anaumia. Na mzigo ukishakuwa hewani hakuna cha samahani: paza sauti, inua mikono, "Simama!" Ishara ya kusimamisha hutolewa na yeyote, na mwendesha kreni hutakiwa kuitii hata ikitoka kwa kibarua. Radhi utaomba mzigo ukishatua.

Malalamiko ya malipo ya saa za ziada, au msimamizi anayekufokea mbele ya wenzako, yana wakati wake. Usiyamwage kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Subiri zamu iishe, nenda na karatasi zako.

Wengi hudhani timu isiyoripoti makosa ndiyo bora. Mtafiti Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipochunguza timu za hospitali Marekani miaka ya 1990, naye alitarajia timu zinazoelewana ziwe na makosa machache ya dawa. Akakuta zina mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Maelezo yake ni kwamba huko watu walithubutu kuyasema. Kwa hiyo daftari la matukio lililokaa jeupe mwaka mzima mimi hulitilia shaka.

Hofu yako ina msingi, sikatai. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu asiyefikisha miezi 6 kazini. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mfanyakazi anayeona hatari atoe taarifa kwa mwajiri au kwa mwakilishi wa usalama. Mjue mwakilishi huyo kwa jina wiki ya kwanza. Huenda ndiye mnayekunywa naye chai.

Msimamizi akikujibu "Nani kakuuliza?", usijibizane naye palepale. Kaa mbali na mzigo, mfuate mwakilishi, andika tarehe na saa. Akisema "Ahsante, lete mwingine", kimbia stoo ukalete.