Mdogo wangu, usiuze rimu za chuma

Jumatatu kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nimepata Hilux, ila ina rimu za chuma, inaonekana gari la mkaa. Nataka niweke spoti rimu za inchi 20. Mwezi wa saba naenda Ziwa Natron. Unashauri nini?"

Gari la mkaa! Maneno yaleyale aliyoniambia shemeji yangu mwaka 2016, mbele ya watu, kwenye kipaimara cha mwanawe. Nilikuwa na Prado ya 1999, rimu nyeusi za inchi 16. Wiki hiyohiyo nikauza nne, nikabakiza ya spea, nikavalisha spoti rimu za inchi 18 zinazong'aa kama sufuria mpya. Gari lilipendeza, nisiseme uongo. Mpaka Arusha kwenye lami nilijiona waziri.

Ukipita Engaruka kuelekea Natron ni vumbi, makorongo na mawe ya volkano. Kwenye korongo moja nikasikia mlio mmoja tu, kama kengele. Tairi zima. Rimu ndiyo ilipasuka, ufa wa vidole vitatu, upepo ukaisha kabla sijashuka. Chuma kingebonyea, nikakigonga kwa nyundo kikashika upepo mpaka kwa fundi. Spoti rimu ni aloi, yaani aluminiamu iliyochanganywa, na aloi iliyopasuka huigongi. Na kosa la pili lilikuwa ukubwa wa rimu: kwa tairi la kimo kilekile, rimu ikipanda inchi, ubavu wa mpira unapungua. Tairi langu la zamani, 265/70R16, lina ubavu wa milimita 185. Hili la 265/60R18 lina 159. Sentimita mbili na nusu za mpira wa kumeza jiwe nilikuwa nimeziuza mwenyewe.

Nikatoa spea. Sasa sikia aibu: nati za spoti rimu zangu zilikuwa bapa zenye washa, rimu ya chuma inataka zilizochongoka kama koni. Za zamani niliziuza pamoja na rimu. Tulikaa juani kwa muda wa saa tatu, mke wangu haniongeleshi.

Akatokea mzee na Hilux iliyojaa mbuzi, rimu za chuma, moja imegongwa nyundo pande mbili. Akaangalia, hakucheka. "Kila gurudumu langu lina nati sita. Toa moja kwa kila gurudumu." Nati nne kwenye matundu sita, mwendo wa kilomita 20 kwa saa, naye nyuma yangu mpaka kijiji cha Ngare Sero, mbuzi wakilia.

Najua mtaniambia magari ya Safari Rally kule Naivasha yanavaa aloi. Ndiyo, za inchi 15, zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na mafundi wanayasubiri. Wewe unasubiriwa na nani? Chuma ni kizito na kinashika kutu, sawa, kipige rangi. Kama lazima uvae aloi, usipande inchi, nunua ya kiwandani ya gari lako, ubebe nati za spea. Ubebe nati za spea! Lakini kwa njia ya Natron, baki na chuma. Vijana tunapenda kuendesha macho ya watu, gari tunaliacha lijiendeshe.

Nati za mzee nilimrudishia palepale Ngare Sero nilipopata nyingine. Spoti rimu tatu nzima ziko stoo, zimefunikwa turubai. Shemeji juzi aliziona akauliza kwa nini sizivai. Nikamwambia anunue yeye, bei ya maelewano. Akabadilisha mazungumzo.