Unataka sensa za pikosekunde? Anza na maikrofoni mbili

Wanafunzi wa fizikia hapa Mlimani huniuliza: kaka, nitaingiaje kwenye sensa za silikoni za kupima muda, zile za ATLAS na CMS, majaribio makubwa ya maabara ya CERN kule Geneva, wakati sina hata moja ya kushika? Jibu langu huwaudhi kidogo. Sensa iache kwanza, shika kalamu.

Pioni na kaoni ni chembe ndogo zinazotoka kwenye migongano. Zikiwa na chaji na momenta sawa hupinda sawasawa ndani ya uga sumaku, kwa hiyo njia zilizopitia hazikuambii ipi ni ipi. Ila kaoni ina tungamo zaidi ya mara 3 ya pioni, na kwa momenta ileile huchelewa kufika. Kokotoa mwenyewe kwa umbali wa mita 1. Kwenye 1 GeV/c (kipimo cha momenta), pioni hutumia nanosekunde 3.37 hivi, kaoni 3.72. Tofauti ni pikosekunde 350 (pikosekunde 1,000 ni nanosekunde moja, yaani sehemu ya bilioni ya sekunde). Panda hadi 3 GeV/c uone: zinabaki 41 tu. Ukishaziona namba hizo zikiporomoka kwenye daftari lako, hutauliza tena kwa nini watu wazima wanahangaikia sensa ya pikosekunde 30.

(Na tusidanganyane: kwa ATLAS na CMS kazi kubwa ya sensa hizi ni kutenganisha migongano, ambayo itafika hadi 200 kila mafungu ya protoni yanapopishana. Anayetaka kutambua chembe hasa aangalie ePIC, kigunduzi cha chembe kinachoandaliwa Brookhaven, Marekani.)

Sensa yenyewe ni kipande cha silikoni chenye unene wa mikromita 50 hivi. Karibu na uso wake kuna tabaka jembamba lililotiwa boroni, ambamo uga wa umeme ni mkali kiasi cha kuzidisha elektroni makumi ya mara. Wembamba unaifanya ishara ipande haraka. Mionzi huidhoofisha ile boroni, ndiyo maana huongezwa kaboni na sensa hupozwa hadi karibu nyuzi 30 chini ya sifuri. Hayo utayasoma popote. Kinachohitaji mikono yako ni kujua pikosekunde zinapotelea wapi, na hilo unaweza kujifunza chumbani kwako Sinza.

Tafuta Kariakoo maikrofoni mbili za bei ndogo na kadi ya sauti yenye njia mbili za kuingiza sauti. Hakikisha ni mbili kweli. Nyingi zina moja, na muuzaji atakuapia. Rekodi sampuli 44,100 kwa sekunde. Kwa joto letu la nyuzi 30, sauti hukimbia karibu mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo sampuli moja ni milimita 8 hivi. Mwanga nao, ndani ya pikosekunde 30, huenda milimita 9. Kwa vipimo vya urefu, meza yako na maabara ya Geneva mko daraja moja!

Weka maikrofoni moja karibu na sufuria, nyingine mbali zaidi. Gonga kwa kijiko, mara kwa nguvu, mara kidogo. Kisha weka kizingiti kimoja cha kimo, upime muda kila ishara inapokivuka. Tofauti ya muda kati ya maikrofoni hizo itabadilika kadiri ulivyogonga, ingawa hakuna kilichosogezwa. Ishara ndogo hukivuka kizingiti kwa kuchelewa, basi. Sasa pima pale kila ishara inapofikia asilimia 30 ya kilele chake cha kwanza, uone tofauti inavyotulia. Kwenye silikoni hufanyika vivyo hivyo.

Kisha jaribu mwiko badala ya kijiko. Ishara itapanda polepole, na kelele ileile ya feni itakuharibia muda zaidi. Feni izime ukiweza kuvumilia. Zisogeze maikrofoni ziwe umbali sawa, gonga mara nyingi, chora mtawanyiko wa tofauti za muda. Kama maikrofoni zinalingana ubora, gawanya upana wa mtawanyiko huo kwa kipeuo cha pili cha 2 upate mchango wa kila moja. Usitumie simu mbili. Kila simu ina saa yake, na kuzioanisha saa ni kazi nzima ya timu kwenye majaribio yale makubwa.

Baada ya hapo ndipo pakua Weightfield2, programu ya bure inayoiga ishara za sensa hizi, pamoja na ROOT ya kuchambua. Ukianza nazo utapata grafu nzuri usizoweza kuzitetea.

Kuhusu nafasi: mpango wa wanafunzi wa kiangazi wa CERN hupokea pia waombaji wa nchi zisizo wanachama, na kuna African School of Physics, iliyoanza 2010 kule Afrika Kusini. Mimi kwenye usaili niliulizwa habari za sufuria kuliko alama zangu. Kwa hiyo kwenye barua yako usijaze aya nzima ya ndoto za utotoni. Weka grafu moja, yenye vipimo kwenye mihimili yote miwili, na sentensi tatu za kueleza upana wake umetokana na nini.