Zile nyimbo za baba yako usizifute

Mwanangu mpendwa,

Hapa Bukoba sote wazima. Barua yako nimeisoma, nikacheka kwanza, kisha nikaona inataka jibu.

Unasema kwenye kikundi chenu cha vijana wa kanisa huko Dar kila mgeni hujaza karatasi ya kujitambulisha: muziki anaoupenda, filamu, kitabu, na shujaa wake. Wenzako waliandika waimbaji wa injili na watu wa kwenye Biblia. Wewe penye muziki ukaandika Remmy Ongala, yule mwimbaji wa dansi wa kaseti za baba yako. Dada mmoja akauliza, "Huyo aliokoka?" Kiongozi wenu naye akakusomea 1 Wakorintho 15:33, "Mazungumzo mabaya huharibu tabia njema." Sasa unaniuliza kama ufute nyimbo zile kwenye simu, tena mimi, mwanakwaya na mzee wa kanisa, niliwezaje kukaa nazo nyumbani miaka yote hiyo.

Nianze na huo mstari. Wataalamu wa Agano Jipya wanasema maneno yale Paulo hakuyatunga. Ni ya Menander, Mgriki aliyekuwa akiandika michezo ya kuchekesha miaka mia tatu hivi kabla ya Kristo, na mchezo wanaodhani yametoka umebeba jina la kahaba. Pale Athene nako, Matendo 17:28, Mtume anawanukulia wenyeji washairi wao. Kwa hiyo alikuwa na mashairi ya watu wa dunia kichwani, na hakuona haya kuyatoa mbele ya watu. Lakini usimwambie kiongozi wako haya katikati ya kikao. Mwambie pembeni, kwa adabu, ukishamzoea.

Na ule wimbo wa Pasaka unaoupenda tangu Shule ya Jumapili, Mfurahini Haleluya? Maneno ni ya mchungaji wetu Bernard Kyamanywa, miaka ya 1960. Sauti yake ni ya Kihaya, ya asili. Leo Wajerumani wanauimba kwa lugha yao, umo kwenye kitabu chao cha nyimbo, namba 116. Na Wajerumani hao hao, ule wimbo wao mkubwa wa Ijumaa Kuu, wa kichwa cha Yesu kilichojaa damu na majeraha, sauti yake ilichapwa mwaka 1601 kama wimbo wa mapenzi: kijana analalamika kwamba binti amemvuruga akili. Ukienda kuwauliza wote hao kama sauti imeokoka, ibada haitaanza.

Hata hivyo usiwadharau wanaozikataa nyimbo za dansi. Bibi yako aliokoka katika ule uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ukaingia kwetu mwishoni mwa miaka ya 1930, na tangu siku hiyo hakukanyaga ngomani. Alikuwa na sababu. Ngoma ya wakati wake ilikuja na lubisi, pombe yetu ya ndizi, lubisi ikaleta ugomvi, na aliyelala na jeraha alikuwa mke. Mwenzako aliyeacha pombe juzi, akisikia gitaa la dansi anaisikia na baa. Akiwa chumbani mwako, zima. Warumi 14 yote inasema hayo, na inayasema kwa pande zote mbili: anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula.

Sasa Remmy. Hapa nitakaa kidogo, maana wewe ulikuwa bado hujazaliwa.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa mwaka 1983, hapa hapa Kagera. Kabla haujapata jina la hospitali tuliuita Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Nilikuwa mwalimu kijana. Darasani kwangu nilikuwa nasoma mahudhurio nikijua ni mtoto gani analelewa na nani baada ya baba kufa, na nani atafuata. Kwaya yetu ilizika kila wiki. Ikafika mahali besi wamebaki wawili, na mmoja anakohoa. Msibani tulisema marehemu "ameugua muda mrefu," basi, tukaimba, tukarudi nyumbani. Mimbarini walisema dhambi, nao hawakukosea. Lakini mke aliyeletewa ugonjwa na mumewe, mwaminifu, alitubu nini? Hakuna aliyemwambia afanye nini usiku ule.

Ndipo akatokea huyu bwana wa rasta, aliyezaliwa Kindu kule Kongo, na bendi yake ya Super Matimila, akaimba Mambo kwa Soksi. Soksi ni kondomu, kila mtu alielewa. Redio ilikataa kuupiga. Marehemu baba yako akaupata kwenye kaseti. Betri za redio yetu zilikuwa zimechoka, akazianika juu ya bati tangu asubuhi ili zituvushe walau upande mmoja, na jioni akaita wadogo zake wawili wakae wasikilize. Hakuwahubiria. Wimbo ulipoisha aliwauliza, "Mmesikia?" Wakacheka kwa aibu, wakaanza kuuliza maswali ambayo hawakuwahi kumwuliza mchungaji wala mimi. Wafilipi 4:8 inapotaja mambo ya kuyatafakari inaanza na yaliyo ya kweli, staha inafuata. Wimbo ule haukuwa na staha. Ulikuwa wa kweli, na ulifika sebuleni mwetu kabla ya mtu wa kanisa kufika.

Najua watakachokujibu: mbona mwenyewe mwishowe aliacha dansi akaimba injili? Ni kweli, na alipofariki Desemba 2010 nilifurahi kwamba aliifikia. Kuokoka kwake hakukuugeuza wimbo wa soksi kuwa uongo.

Usidhani basi kila kitu kinapita. Kuna nyimbo ninazozima, na nyingine zimeandikwa injili kwenye jalada. Zile za kumwomba Mungu awaaibishe adui zangu, jirani aone gari langu jipya afe kwa wivu, hapana. Yesu gani huyo? Siku hizi zinapigwa hata harusini, watu wananyooshea kidole meza ya pili. Afadhali mtu anayelia penzi lake kwa gitaa, hamdhuru mtu. Na nyimbo zinazomfanya mwanamke bidhaa siziwezi, hata zikichezeka vipi. Siku zote nimejiuliza swali moja tu kanda ikiisha: sasa nina hamu ya kumtendea nini mtu aliye mbele yangu?

Filamu sina mengi. Ile ya Yesu iliyokuja na gari la sinema, ikaonyeshwa uwanjani kwenye shuka jeupe, niliipenda. Lakini iliyoniliza ni ya Kihindi, Mother India, ya mwaka 1957, hakuna Mkristo ndani yake. Mama aliyeachwa na mumewe analima kwa mikono, anakataa kujiuza kwa mkopeshaji, na mwisho anampiga risasi mwanawe mwenyewe aliyegeuka jambazi, kwa sababu amemteka binti wa kijiji. Uliwahi kuniuliza kwa nini nilikuwa mkali. Itafute.

Vitabu, nakuachia Nyerere. Mwalimu alikuwa mtu wa misa, Kanisa Katoliki limeanza kuchunguza kama atangazwe mtakatifu, na huyo huyo alikaa akatafsiri Shakespeare, Mabepari wa Venisi ikatoka 1969. Uzeeni akaziweka Injili zote nne katika tenzi. Utenzi ulilelewa pwani na washairi Waislamu: ule wa Tambuka, wa vita vya Mtume Muhammad, una tarehe ya 1728. Sijasikia Mkristo aliyelalamika kwamba Luka amevaa kanzu.

Umeniuliza shujaa wangu mimi. Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda. Alikuwa mtoto wa uamsho ule ule wa bibi yako. Maaskofu walipomwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji, jina lake lilikuwa juu. Tarehe 16 Februari 1977 akauawa, serikali ikatangaza ajali ya gari. Mwaka uliofuata majeshi ya Amin yaliingia kwetu hadi mto Kagera, tukajua wenyewe alikuwa anamkemea mtu wa namna gani. Sijui alipenda muziki gani, na sijawahi kutaka kujua.

Kikundi usikiache. Wanasali, wanatembelea wagonjwa, na wewe uko peke yako mjini. Ukijaza tena karatasi, andika ulichoandika. Nyimbo za baba yako usizifute, maana kaseti zenyewe ziliota ukungu na nakala nyingine sina. Senene wa msimu huu wamekuwa wengi. Nimekaanga, nimempa kondakta wa basi la Jumatano, namba yake nakutumia kwa simu. Wapelekee na wenzako, na yule dada wa "aliokoka?" mpakulie wa kwanza.

Mama yako